Upande Uliotoka Kwenye Sufuria

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili msomaji asije akanilaumu baadaye. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kuliko jana, najiuliza anataka nini. Mkuu wa shule akinisifu mbele ya wenzangu, naanza kutafuta ni kazi gani ya Jumamosi anayotaka kunibebesha. Mama yangu, kule Shishiyu nilikozaliwa, alikuwa akisema mtoto huyu hata akipewa maziwa hunusa kwanza. Yeye alikuwa akilalamika, ila mimi nililichukua kama sifa na nimelibeba mpaka utu uzima.

Ndiyo maana ile video ilipoingia kwenye kundi la wasapu la wazazi, sikujiuliza kama kuna mtu mbaya. Nilijiuliza ni nani.

Shule yetu ni sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Nafundisha Uraia, na ni mlezi wa klabu ya mdahalo. Kila wiki kuna kipindi cha dini, na hapo wanafunzi hugawanyika. Wakatoliki huingia darasa hili, Waprotestanti lile, Waislamu wachache tulio nao hupewa chumba cha maabara. Wanaobaki ni watoto wa wafugaji ambao nyumbani kwao hakuna kanisa wala msikiti, wanaotambika kama babu zao walivyotambika na hawaoni sababu ya kuficha. Hao hupewa majembe wakapalilie pamba ya shule.

Hakuna aliyewahi kusema hiyo ni adhabu. "Wasikae bure," ndivyo mkuu wa shule anavyosema, na anasema kwa upole kabisa. Lakini jua la huku kwetu linajulikana. Ikifika palizi, watoto kadhaa huamua ghafla kuwa na dhehebu, na pamba ikishavunwa imani nayo hupoa. Mwalimu wa dini, ambaye si mwajiriwa wa shule bali huja na pikipiki yake kutoka mjini, kola imefungwa hadi shingoni, huita ongezeko hilo uamsho. Anapofundisha huanza kwa kuita mahudhurio. Asiyeitika, jina lake humfikia mkuu wa shule kabla kengele ya kutoka haijalia.

Mwaka huo nilitoa mada ya mdahalo: kipindi cha dini kiwe cha lazima kwa kila mwanafunzi. Nilimpelekea mkuu wa shule nikitegemea anikatalie. Alisoma, akatabasamu, akasema, "Mada nzuri, madam. Watoto wafikiri." Lile tabasamu halikunipendeza. Niliondoka ofisini kwake nikihisi nimekabidhiwa kitu chenye kamba upande wa pili.

Sasa, kwenye klabu yangu hakuna anayechagua upande. Zamani walichagua, na walichofanya ni kuja kutetea kila mmoja ukoo wake na kanisa lake, halafu wakafuatana hadi bombani wakisukumana. Nikabadilisha. Tunaazima sufuria jikoni, nyuma tu ya bwalo, tunatia vikaratasi vilivyokunjwa, na wasemaji wanaokota. Kuunga mkono au kupinga, unachokipata ndicho utakachokisimamia. Na nina sheria moja ambayo kila mwanachama ameisikia hadi ameichoka: msemaji haulizwi anaamini nini, anaulizwa hoja yake.

Msemaji wetu bora alikuwa binti wa kidato cha nne, kiongozi wa kwaya ya dhehebu lake, mtoto wa mpishi wa shule. Mama yake ni mjane. Ndiye anayetupikia uji na makande, na ndiye aliyetuazima ile sufuria, ameisugua mpaka inang'aa utadhani tunakwenda kuipeleka harusini. Binti aliokota karatasi ya kupinga. Mpinzani wake, kijana wa familia ya ng'ombe wengi na kanisa hakuna, mmoja wa wale wa majembe, aliokota ya kuunga mkono. Bwalo likacheka. Nami nilicheka. Ndiyo raha ya sufuria.

Kijana alianza. Alisimama kifua mbele akasema shule isiyo na dini ni zizi lisilo na mlango, kila fisi anajikaribisha. Aliongea juu ya nidhamu, juu ya mimba za utotoni, juu ya kumcha Mungu. Mwalimu wa dini, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimfuata baada ya mdahalo, akamshika bega na kumwambia, "Kijana, wewe umeguswa." Kijana akaitika ndiyo mwalimu. Wiki iliyofuata alikuwa shambani na jembe lake kama kawaida.

Kijana alipomaliza kusema, ikawa zamu ya binti. Aliweka mikono nyuma kama nilivyowafundisha, akaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, na wanafunzi wenzangu." Akasubiri bwalo litulie. "Wenzetu wanaopalilia pamba wakati sisi tunaimba, wamekosa nini? Na sisi tunaoimba kwa sababu jua ni kali, tunamwimbia nani hasa? Ni Mungu gani huyo anayeita mahudhurio?"

Watoto walipiga meza. "Pointi! Pointi!" Mwenyekiti aligonga kijiti chake mpaka kikavunjika. Nilijisikia fahari, nisiseme uongo. Halafu nikageuka kumtazama mwalimu wa dini pale mlangoni, nikaona naye anatabasamu, na fahari yangu ikaisha.

Siku chache baadaye ndipo video ilipoingia kwenye kundi la wazazi. Ilikuwa fupi. Inaanzia kwenye "wenzetu wanaopalilia pamba" na inaishia kwenye "mahudhurio". Mwenyekiti hayumo. Sufuria haimo. Kijana wa zizi lisilo na mlango hayumo. Ni binti peke yake, anauliza ni Mungu gani huyo, na mwishoni kabisa, karibu na simu, mtu anacheka kidogo kwa puani. Kicheko chenyewe kifupi, cha mtu aliyepata alichokitaka.

Wazazi waliandika. Hiyo ndiyo elimu tunayoigharamia kwa kuuza pamba yetu gulioni? Binti wa kwaya huyo! Mmoja akauliza mwalimu wa Uraia anawafundisha nini watoto wetu. Mwingine, kutoka Maswa, ambaye hata mtoto hana hapa kwetu, akaandika mwisho wa dunia umefika. Kwenye kanisa la binti, wazee walimweka pembeni ya kwaya. Na mkuu wa shule, yuleyule wa watoto wafikiri, aliita bodi ya shule ijadili kumsimamisha masomo kwa kukashifu dini.

Na huo ulikuwa wakati wa usajili wa mtihani wa taifa. Akisimamishwa majina yanapokwenda, jina lake linabaki. Jina likibaki, mwaka umekwenda, na kwa mtoto wa mjane anayepika makande, mwaka ukienda mara nyingi huenda na shule yote. Nimewaona wa aina hiyo. Nakutana nao sokoni wakiwa na watoto mgongoni, wananiamkia shikamoo madam, na mimi najifanya nachagua nyanya.

Nilianza kutafuta mrekodi. Video ilichukuliwa dirishani, upande wa nyuma wa bwalo, na mwalimu wa Kemia hupenda kusimama upande huo akipunga upepo. Ametaka ulezi wa klabu yangu tangu alipohamia. Nikaacha kumsalimia. Kisha nikakumbuka mwalimu wa dini na simu yake kubwa, lakini yeye alikuwa mlangoni, labda amemtuma mtu. Kisha nikamfikiria mkuu mwenyewe: aliipitisha mada kirahisi mno, na mwalimu kama mimi, anayebandika makala za haki za wanafunzi kwenye ubao wa matangazo si mwalimu anayependwa. Nilikuwa nafundisha haki ya kujieleza asubuhi na mchana nachunguza nani kakaa wapi. Hata mtunza muda nilimwita ofisini nikamhoji mpaka akalia.

Nilisikiliza kile kicheko tena na tena. Mtu mwenye chuki ndiye anayecheka hivyo, nikajiambia. Na kilichonithibitishia zaidi ni jinsi video ilivyokatwa. Asiye na nia mbaya angeanza na mwenyekiti akitangaza upande wa kupinga. Huyu alijua pa kuanzia.

Nikamwita binti. "Usiogope," nikamwambia. "Kwenye bodi utasema ulipewa upande. Mimi nitadai mrekodi atafutwe. Mwenye video nzima akipatikana, wewe umepona."

Aliangalia sakafu. "Madam, acha tu."

"Niache nini?"

"Hiyo ya kutafuta mtu. Acha tu, madam."

Nikamshuku na yeye. Nikasema moyoni, kumbe kuna mvulana, ameingia na simu shuleni na huyu anamficha. Nilimwangalia kwa jicho ambalo sipendi kulikumbuka, nikamruhusu aende.

Bodi ilikaa katika chumba cha walimu. Walikuwemo wazee wa kata, mkuu wa shule, na mwalimu wa dini aliyealikwa, ndivyo ilivyosemwa, kama mdau. Mama yake binti aliitwa kama mzazi. Alikaa karibu na mlango, khanga imefungwa kiunoni, mikono bado ina unga.

Nilieleza sufuria. Nilieleza vikaratasi. Nikaona nyuso hazinielewi, nikatafuta mfano wa nyumbani. Nikasema, wazee wangu, ninyi mmekulia kwenye mashindano ya ngoma. Makundi mawili yanasimama uwanjani, hawa wanawaimba wale kwamba ni wavivu na waoga na mama zao hawajui kupika, na wale wanajibu mara mbili yake. Jua likizama mnagawana pombe. Nani aliwahi kushtakiwa kwa wimbo wa ngoma? Na mdahalo ndio huohuo, upande ni wa siku hiyo tu.

Mzee mmoja mfugaji alicheka mpaka akafuta macho. "Ni kweli, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mimi niliimbwa nina kichwa cha fisi. Aliyeniimba ndiye shemeji yangu leo."

Nilidhani nimeshinda. Kisha mwalimu wa dini akainua kidole, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Namshukuru madam kwa mfano wake," akasema. "Ngoma hizo ndizo tunazowaambia waumini wetu waziache, maana kabla ya kuingia uwanjani watu hupita kwanza kwa mganga kuchukua dawa ya kushinda. Sasa tunaambiwa mdahalo ndio huohuo. Mimi sina la kuongeza."

Kulikuwa na Wakristo wa kutosha mezani kuelewa. Nikaona vichwa vinaitika. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimeutoa mdahalo darasani na kuupeleka kwa mganga. Nilijaribu kusema hapana, namaanisha desturi ya kushindana kwa maneno, lakini mtu anayeanza na namaanisha ameshashindwa, na mimi ndiye ninayewaambia hivyo wanafunzi.

Basi hasira zikanipanda. Nikasema, kama shule inataka haki, impate kwanza aliyerekodi na kukata ile video. Simu gani iliingia bwaloni? Kwa ruhusa ya nani? Nikamtazama mkuu wa shule moja kwa moja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo bodi nzima ilikubaliana nami, na mwalimu wa dini ndiye aliyekubali kwa haraka zaidi. Mkuu alisema vizuri, uchunguzi ufanyike. Akiwa ni mwanafunzi, atafukuzwa. Akiwa ni mtumishi wa shule, kazi hana.

Binti akasimama. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

"Naomba kuomba radhi," akasema. "Paredi, mbele ya wote. Nimekosa. Uchunguzi hauna haja."

Ilikuwa kama mlango umefunguliwa chumbani. Wazee wakashusha mabega. Mkuu akasema huo ndio ukomavu, akiomba radhi vizuri bodi haitakuwa na neno naye, na jina lake litakwenda na ya wenzake. Mwalimu wa dini akafumba macho kidogo. Mimi peke yangu nilibaki nimekasirika, na nilimkasirikia yeye. Nilikuwa nampigania, naye ananipokonya silaha.

Nilitoka nikaenda jikoni kurudisha ile sufuria, ambayo kwa vurugu zote ilikuwa bado mezani kwangu. Mama mpishi alikuwa ameshatangulia, anapuliza moto. Nikamwambia, kwa ukali asioustahili, kwamba mwanawe ameniangusha, tulikuwa tunakaribia kumpata aliyerekodi.

Aliipokea sufuria. Akaifuta kwa khanga ingawa ilikuwa safi.

"Mwalimu, wewe una mtoto?"

Nikamwambia ninao.

"Akisimama mbele ya watu akaongea, utaweza kujizuia?" Akachungulia dirisha lake. Nikafuata macho yake. Lilikuwa linaangalia dirisha la nyuma la bwalo. "Nilirekodi nimtumie dada yangu aliyeko Malampaka, aone mtoto wetu anavyojua kusema. Dada akawatumia akina mama wenzake wa kanisani. Kutoka hapo sijui."

"Lakini mwanzo," nikasema. "Kwa nini hukurekodi mwanzo? Yule kijana, mwenyekiti?"

Alinishangaa kweli. "Nilirekodi wa kwangu tu, mwalimu. Wale wengine ni watoto wa watu."

Kisha akacheka, kidogo, kwa puani. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimekisikiliza mpaka ningeweza kukiimba, na kila mara nilisikia chuki.

"Yeye anajua?" nikauliza.

"Aliijua sauti yangu siku ileile. Akaniambia mama, usiseme kitu. Nikitaka kusema ananikataza. Anasema kazi ikienda, na yeye shule imekwenda." Akatazama moto. "Niende kwa mkuu, mwalimu? Sema wewe uliyesoma."

Nilimwambia asiende, na hadi leo sijui kama nilimshauri kama rafiki yake au kama mtu aliyeogopa kuonekana mjinga.

Asubuhi ya paredi nilimkuta binti nyuma ya darasa, amepiga pasi sare, anatembeza midomo kimya kama anavyofanya kabla ya kila mdahalo. Nilitaka kumwambia najua. Badala yake nikauliza lililokuwa linanisumbua.

"Utakachokwenda kusema, unakiamini?"

Alinitazama bila kiburi chochote. "Madam," akasema, "si wewe uliyesema msemaji haulizwi hilo?"

Akapita mbele. Mikono nyuma. "Mkuu wa shule, walimu wangu, mwalimu wa dini, na wanafunzi wenzangu." Akasubiri watulie. Alisema ulimi wake ulitangulia moyo wake. Alisema amewaumiza wazee waliomlea na kanisa lililomfundisha kuimba, na kwamba mtoto anayecheka mahudhurio hajui siku moja ataitwa na nani. Pale sauti yake ilikatika, pahali hasa panapofaa. Wasichana wa kwaya walilia. Mkuu wa shule alitoa kitambaa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono yote miwili imeshikilia khanga, simu hakuna.

Mimi nilijikuta nimeangalia saa. Ilikuwa hotuba bora aliyowahi kutoa, na muda wake ulikuwa umetimia kabisa.

Mwalimu wa dini alinijia akiwa amelowa macho. "Umeona, madam? Yule binti ameguswa."

Nikamtazama usoni kutafuta kama anadhihaki. Hakuwa anadhihaki. Pengine hata siku ile mlangoni hakuwa na hila yoyote, lakini hilo siwezi kuliapia. Nikamwambia ndiyo, nimeona.

Jina la binti lilikwenda na ya wenzake. Mwalimu wa Kemia naye nimeanza kumsalimia, ingawa sasa yeye ndiye anayenishuku. Kipindi cha dini kilichofuata nilipita makusudi nje ya darasa lao. Kule shambani majembe yalikuwa yanalia, kijana wa zizi lisilo na mlango akiwa wa kwanza kwenye mstari. Ndani, mwalimu wa dini alikuwa anaita majina. Lilipofika la binti, aliitika kwa sauti safi, "Nipo." Kisha akaongoza wimbo. Nilisimama dirishani nikimtazama, mimi ninayejisifu kumjua mtu kwa kumwona tu, nikatafuta usoni pake kama yumo au hayumo. Sikuona kitu. Aliniona, akanitabasamia, akaendelea kuimba, na nikaogopa, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha vizuri.